Uji Kabla ya Ubao

Msafiri apandaye gari mjini Embu asubuhi kuelekea Runyenjes, Chuka, Nkubu na hatimaye Meru, huona mengi ya kumfurahisha. Huuona Mlima Kenya kabla haujajifunika mawingu. Huyaona mashamba ya chai yaliyolingana kama mkeka, chini yake kahawa, na chini zaidi migomba na mahindi. Huwaona pia akina mama wenye vikapu mgongoni wakiharakisha kwenda kuchuma majani kabla jua halijawa kali. Lakini msafiri huyo akiwa na jicho la kutazama, ataona na jambo jingine lisilofurahisha. Ataona kando ya njia msichana wa miaka saba au minane, siku ya kazi, saa ambayo wenzake wako darasani, amembeba mdogo wake mgongoni kwa leso.

Huyo ndiye yaya wa nyumba ile. Hakuna aliyemwajiri, wala hakuna amlipaye. Mama yake hamchukii, na wala si mjinga asiyejua faida ya shule. Mama yake anajua kwamba majani chai hayangoji, kwamba kilo ndizo hesabu ya mwisho wa mwezi, na kwamba mtoto wa mwaka mmoja na nusu hawezi kuachwa peke yake karibu na moto na mtungi wa maji. Basi huchagua, na kila achaguapo mtoto mmoja hupoteza. Akimpeleka mkubwa shuleni, mdogo hana mlezi. Akimbakiza mkubwa nyumbani, huyo hukosa masomo, na mdogo naye analelewa na mtoto mwenziwe.

Twaandika leo juu ya watoto hawa wawili. Watu wengi wakisikia habari za chekechea hufikiri ni jambo dogo la nyimbo na kucheza mchangani. Sisi twasema ndilo jambo la kwanza, na kwamba katika wilaya za zamani za Meru na Embu, ambazo leo ni kaunti tatu za Meru, Tharaka Nithi na Embu, jambo hili lina historia ambayo kila mzazi yafaa aijue.

MAFIGANI

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Katika nyumba za zamani za Wameru, Waembu, Wambeere na Watharaka msemo huo haukuwa pambo la maneno. Mtoto alikuwa na mikono mingi. Nyanya alikuwa naye mchana, shangazi na jirani walimtupia jicho, na kaka na dada walimchukua walipokwenda kuchunga mbuzi. Jioni, moto ukiwaka katikati ya mafiga matatu, watoto walikusanyika kusikiliza hadithi za fisi na sungura, wakategeana vitendawili mpaka usingizi ukawachukua. Hapo mtoto alijifunza kuhesabu, kukumbuka, kungoja zamu yake, kujibu alipoulizwa na kunyamaza mkubwa aliposema. Mchana alifinyanga ng'ombe wa udongo, akasuka mpira wa majani ya migomba, akajenga boma la vijiti. Hakuna aliyeyaita hayo elimu, lakini yalikuwa elimu.

Hata hivyo tusiyapambe mambo ya kale kupita kiasi. Watoto wengi walikufa kwa surua na kuhara kabla ya kufika umri wa kuketi mafigani. Na msichana yule aliyebeba mdogo wake alikuwako zamani pia. Tofauti ni kwamba wakati ule hapakuwa na darasa lililokuwa likimpita. Leo nyanya mwenyewe yuko shambani akichuma chai yake, shangazi amekwenda Nairobi kutafuta kazi, kaka wako shuleni, na ile mikono mingi imebaki miwili. Kwa hiyo yeyote asemaye kwamba kulea ni kazi ya nyumbani tu, na kwamba kituo cha watoto ni mambo ya kizungu, hatuna budi kumwuliza: nyumba unayoisema bado iko?

HALI YA HATARI

Vituo vya kulelea watoto havikuingia upande huu wa Mlima Kenya kwa furaha. Vilikuja na taabu. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari, na kuanzia 1954 Wakikuyu, Waembu na sehemu ya Wameru walilazimishwa kuyaacha maboma yao na kuhamia vijiji vilivyozungushiwa mitaro na miiba. Katika muda usiofika miaka miwili watu zaidi ya milioni moja walitiwa katika vijiji zaidi ya 800. Wanaume wengi walikuwa vizuizini au msituni. Akina mama ndio walioshikishwa majembe wakachimbe handaki lililofuata ukingo wa msitu, ili kuwakatia chakula wapiganaji.

Je, watoto waliachiwa nani? Ndipo vikafunguliwa vituo vijijini, ambako watoto wadogo, mayatima kwa wenye mama, walikusanywa mchana, wakapewa maziwa au supu, wakaangaliwa na mwanamke mmoja au wawili mpaka mama zao waliporudi kutoka kazi ya kulazimishwa. Mashamba makubwa ya chai na kahawa ya walowezi nayo yalikuwa na mahali pa kuwaweka watoto wa vibarua. Nia ya wenye mamlaka haikuwa kumwendeleza mtoto. Nia ilikuwa kuiweka huru mikono ya mama ifanye kazi ya watu wengine.

Hata hivyo akina mama waliona kitu ambacho mkoloni hakukikusudia. Waliona kwamba mtoto aliyeketi na wenzake, akala, akaimba na kusemeshwa siku nzima, alichangamka. Hali ya Hatari ilipokwisha mwaka 1960 na vijiji vingi vikavunjwa, mbegu hiyo haikuvunjika.

HARAMBEE

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, Mzee Jomo Kenyatta alitoa wito wa Harambee, na miongoni mwa vitu vya kwanza ambavyo wananchi walijenga kwa mikono yao ni shule za nasari. Hapa akina mama walichanga mayai wakauza, pale wazee walitoa miti na kipande cha ardhi, kanisa likatoa ukumbi wake siku zisizo za ibada. Mwalimu alikuwa msichana wa kijijini aliyefika darasa la saba, naye alilipwa kwa kile ambacho wazazi walikikusanya. Mwezi ambao kahawa haikulipa, yeye pia hakulipwa.

Walimu wale hawakufundishwa kazi. Kwa ajili hiyo mwaka 1971 ulianzishwa mradi wa elimu ya watoto wadogo katika Taasisi ya Elimu ya Kenya, kwa msaada wa Shirika la Bernard van Leer la Uholanzi, ili kutafuta njia ya kuwafunza walimu na kutengeneza vifaa kutokana na vitu vinavyopatikana papo hapo: vifuniko vya chupa, mbegu, vibuyu na vitambaa vikuukuu. Mwaka 1980 mambo ya chekechea yalihamishwa kutoka Wizara ya Utamaduni na Huduma za Jamii hadi Wizara ya Elimu. Mwaka 1984 kikaundwa kituo cha taifa, NACECE, na mwaka uliofuata vikaanza vituo vya wilaya, DICECE, ambako mwalimu wa kijijini aliweza kujifunza wakati wa likizo na kurudi kwa watoto wake muhula ulipofunguliwa.

Hiyo ilikuwa kazi njema, nasi twaisifu. Lakini msomaji aangalie jambo moja. Tangu mwanzo jengo na mwalimu viliachiwa wazazi. Mahali penye chai palipata nasari ya mabati na sakafu ya saruji. Mahali pakavu, kule Mbeere na Tharaka ambako mvua hukosa mara kwa mara, watoto waliketi chini ya mti. Harambee ni kitu kizuri, ila kila mtu huchanga kwa kadiri ya alichonacho, na asiye na kitu hujengewa kidogo.

USHAHIDI WA EMBU

Wako wanaouliza kama kweli miaka hii ya mwanzo ina uzito kiasi hicho. Hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta jibu, kwa sababu sehemu ya jibu ilipatikana hapa hapa Embu, katika tarafa ya Kyeni Kusini.

Kati ya 1984 na 1986 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, miongoni mwao Profesa Nimrod Bwibo na Dakta Charlotte Neumann, waliingia katika nyumba za wakulima wa Kyeni wakaangalia watoto wanakula nini, wanaishi vipi na wanasemeshwa vipi. Jambo moja walilolikuta lingemfanya nyanya yeyote atabasamu. Watoto wa miaka miwili ambao watu wa nyumbani walizungumza nao mara nyingi, wakawajibu walipotoa sauti, na kuendelea kushughulika nao kwa muda, ndio waliofanya vizuri zaidi katika majaribio ya akili, wakati ule na hata miezi baadaye. Kusemeshwa hakununuliwi dukani. Ni yale yale ya mafigani.

Jambo la pili lilikuwa la huzuni. Mwaka 1984 mvua za masika zilikosa, na njaa ikaingia nchini, ile ya kukumbukwa kwa mahindi ya njano. Wataalamu wale walikuwako Kyeni, wakaona kwamba wazazi walijitahidi kuwakinga watoto wachanga zaidi. Waliopunguziwa chakula ni wakubwa kidogo, wale wa shule. Nao, chakula kilipopungua, walipunguza kucheza uwanjani na walishindwa kutulia na kumsikiliza mwalimu. Hapakuwa na mtoto mvivu pale. Palikuwa na mtoto mwenye njaa.

Kuanzia 1998 wataalamu walirudi na kufanya jaribio jingine katika shule 12. Watoto wa darasa la kwanza waligawanywa makundi manne. Watatu walipewa githeri siku za shule: kundi moja ilitiwa nyama ya kusaga, kundi jingine waliongezewa maziwa, na la tatu ilitiwa mafuta. Kundi la nne halikupewa chakula shuleni, bali familia zao zilipewa mbuzi wa maziwa. Makundi yote matatu yaliyokula yaliongeza uzito zaidi ya lile ambalo halikula. Maziwa yaliwasaidia kukua kimo hasa wale waliokuwa wamedumaa. Na watoto waliopata nyama, japo kidogo, waliwapita wenzao katika jaribio la kufikiri, wakawa wachangamfu zaidi uwanjani, wakaanzisha michezo na kuwaongoza wengine.

Watoto hao walikuwa wa darasa la kwanza, wala si wa chekechea. Lakini mwenye akili hujiuliza: ikiwa mtoto wa miaka saba abadilishwa hivyo na bakuli moja la chakula, wa miaka mitatu je, ambaye mwili na ubongo wake vinajengwa kwa haraka zaidi?

HERUFI

Tukipita leo katika vituo vingi vya vijijini twakuta ukuta umepakwa rangi, picha za herufi zimebandikwa, na watoto wameketi kimya wakinakili kutoka ubaoni. Jikoni hakuna moshi. Wakati mwingine hata jiko lenyewe hakuna. Mtoto aliyetoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu na kikombe cha chai ya rangi anatakiwa aandike herufi mpaka saa sita.

Wazazi wenyewe wana sehemu yao katika lawama hii. Mzazi hupima nasari kwa daftari. Mtoto akirudi na ukurasa uliojaa, nasari hiyo ni nzuri. Akirudi na matope mikononi na wimbo mdomoni, mzazi hulalamika kwamba karo yake inachezewa. Tena wengi wataka mtoto aanze kwa Kiingereza, hata kama mwalimu mwenyewe anakibabaisha. Kamati iliyoongozwa na Bwana Peter Gachathi ilipendekeza tangu 1976 kwamba madarasa ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya mahali, na siasa ya elimu mpaka leo yasema hivyo, lakini kuna vijiji ambako mtoto hukatazwa kusema Kimeru au Kiembu kabla hajajua lugha yoyote vizuri.

Tunawaelewa wazazi hawa. Kwa miaka mingi shule nyingi za msingi zilikuwa zikiwapa watoto mtihani kabla ya kuwapokea darasa la kwanza, na mzazi aliyeona mtoto wa jirani akikataliwa hakutaka wake akataliwe. Hofu hiyo ilikuwa na sababu. Lakini hofu si njia ya kulea. Samaki hukunjwa angali mbichi, ni kweli, ila akikunjwa kwa nguvu huvunjika.

KATIBA YASEMAJE

Mwaka 2003 Serikali ilipofuta karo katika shule za msingi, wazazi wengi waliona upumbavu kulipa karo ya nasari ilhali darasa la kwanza ni bure. Wakawatoa watoto chekechea, au wakawapeleka moja kwa moja shule ya msingi kabla ya umri. Nia ya kufuta karo ilikuwa njema, lakini aliyeumia ni mdogo, kwa kuwa yeye hakukumbukwa.

Katiba ya 2010 ilimkumbuka. Jedwali lake la Nne limeweka mikononi mwa serikali za kaunti elimu ya chekechea na, katika mstari huo huo, mahali pa kulelea watoto. Tangu kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, madarasa yamejengwa na walimu wameandikwa. Mtaala mpya ulioanza nchini kote mwaka 2019 umeyapa majina madarasa mawili ya chekechea, ya mtoto wa miaka minne na wa mitano. Hayo ni maendeleo, na mwenye macho hawezi kuyakana.

Lakini tusome mstari ule tena. Umetaja mambo mawili, nasi tumeshughulikia moja. Elimu ya chekechea imepata darasa, mahali pa kulelea watoto pamesahauliwa. Mtoto wa miaka minne ana mlango wa kubisha. Wa miaka miwili hana, na kwa sababu yeye hana, dada yake wa miaka minane bado amesimama kando ya njia na leso mgongoni.

Na mwalimu je? Mwalimu wa shule ya msingi ya umma huajiriwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu. Wa chekechea hayumo humo. Yeye ni wa kaunti, na wengi wamefanya kazi kwa mikataba ya muda, kwa mshahara ambao mchumaji mzuri wa chai huenda akaushinda katika msimu mwema. Twamwomba mwanamke huyu awe mama wa watoto 40, mpishi, muuguzi na mwalimu, halafu twashangaa anapoacha kazi akafungue duka.

YATAKIWAYO

Kaunti zitasema hazina fedha, na kweli fedha si nyingi, na hospitali na barabara nazo zalilia mgao wao. Hatuombi majumba. Twaomba mambo matatu.

La kwanza ni sufuria. Kila kituo kiwe na uji wa wimbi au mtama asubuhi, na githeri yenye mboga adhuhuri, na maziwa pale yanapopatikana. Nchi hii inajua jambo hilo lafanyika. Maziwa ya Nyayo yaliyoanza mwaka 1979 katika shule za msingi watu wazima wa leo bado wanayakumbuka, ingawa yalikuja yakakoma. Kaunti ya Nairobi tangu 2023 imekuwa ikiwapa watoto wa shule chakula cha mchana kwa shilingi tano tu. Meru na Embu ni nchi za maharagwe, mahindi, ndizi na ng'ombe wa maziwa. Hapana sababu ya mtoto kukaa na njaa katikati ya shamba.

La pili ni mwalimu. Aajiriwe kwa kudumu, alipwe kwa mwezi kama watumishi wengine, na mafunzo yake yaendelee.

La tatu ni mlezi wa wale wa chini ya miaka minne. Kituo cha kununulia majani chai kiko kila baada ya vilima vichache. Viwanda vya kahawa viko. Pangekuwa na chumba kimoja kilicho safi karibu na kila kimoja, na wanawake wawili waliofunzwa, wakilipwa kwa mchango wa kaunti, wa kiwanda na wa wakulima wenyewe, mama angechuma majani yake moyo ukiwa umetulia. Mkoloni aliwaangalia watoto ili mama akamchimbie handaki. Sisi tunashindwaje kuwaangalia ili mama ajichumie chai yake mwenyewe?

Na kuna jambo la nne ambalo halihitaji fedha. Nyanya na babu waliobaki vijijini waitwe vituoni hata mara moja kwa juma, waketi na watoto, wawategee vitendawili na kuwasimulia hadithi za fisi na sungura kwa Kimeru, Kiembu, Kimbeere na Kitharaka. Walimu wasione haya, wala wazazi wasilalamike kwamba siku imepotea. Utafiti wa Kyeni ulionyesha kwamba mtoto asemeshwaye ndiye akuaye akili.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wazee wetu hawakusema “umwandikishavyo”. Ubao utakuja, na herufi zitakuja, kwa wakati wake. Kwanza mtoto ale, asemeshwe, acheze, na dada yake aweke leso chini aende shule.